Kubadili msingi bila kufunga mlango: ukarabati wa Stesheni ya Tokyo

Jengo la kale likiwa tupu, kulikarabati ni suala la mafundi na fedha. Unalizungushia mabati, unaweka mlinzi getini, unabandua lipu iliyooza, na ukikuta ufa usioutegemea unasimamisha kazi mpaka mhandisi aje auangalie. Stesheni inayotumika haikupi nafasi hiyo. Treni ya kwanza ya alfajiri itafika kwa saa yake, abiria watashuka, na lazima wakute sakafu ya kukanyaga, vibao vya kuwaelekeza na njia ya kukimbilia ikitokea hatari.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika katika Stesheni ya Tokyo kati ya mwaka 2007 na 2012 inastahili kuelezwa polepole. Jengo la matofali mekundu lenye urefu wa meta 335 lilirudishiwa ghorofa na makuba liliyoyapoteza vitani, likawekewa msingi mpya kabisa chini yake, na muda wote huo stesheni haikufungwa. Kwa treni za kampuni ya JR East peke yake, karibu watu 400,000 walikuwa wakipanda hapo kila siku. Wengi husimulia kazi hii kama habari ya urembo uliorudishwa. Kwa maoni yangu, urembo ndio uliokuwa mwepesi. Kilichowaumiza watu vichwa ni kuamua jengo lirudi kwenye zama zipi, kazi ifuatane vipi ili watu waendelee kupita, na nani alipe. Na kila jibu la swali moja lilifunga au kufungua mlango wa jingine.

Jengo lenyewe

Mbunifu wake ni Tatsuno Kingo, aliyezaliwa mwaka 1854, mmoja wa Wajapani wa kwanza kusomea usanifu majengo kwa mtindo wa Ulaya. Makao makuu ya Benki ya Japani, yaliyokamilika 1896, ni kazi yake pia. Kabla hajakabidhiwa stesheni, mhandisi Mjerumani Franz Baltzer alikuwa amepanga reli ya kupita juu ya madaraja katikati ya jiji, na akapendekeza stesheni yenye mapaa ya Kijapani. Wenyeji hawakuitaka sura hiyo. Wakati ule walitaka jengo litakaloonyesha kwamba nchi yao imefikia Ulaya. Baltzer huyohuyo baadaye alihamia katika wizara ya makoloni ya Ujerumani akawa mtaalamu wa reli za Afrika. Na mwaka 1914, ambao Stesheni ya Tokyo ilifunguliwa, ndio mwaka ambao Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma. Majengo ya zama moja, ya mkondo mmoja wa fikra, na yote yangali yanaitwa stesheni.

Tatsuno alisimamisha mifupa ya chuma, zaidi ya tani 3,000, kisha akaivika matofali yapatayo milioni 9. Mifupa hiyo ililisaidia jengo kusimama mwaka 1923, tetemeko kubwa lilipoangusha na kuunguza sehemu kubwa ya Tokyo. Mpangilio wake ulikuwa wa kifalme kweli: kuba la kusini kwa wanaoondoka, kuba la kaskazini kwa wanaofika, na mlango wa katikati kwa ajili ya Mfalme Mkuu, kwa kuwa jengo linatazamana na kasri lake. Karibu na lango la kusini kuna alama sakafuni inayoonyesha mahali Waziri Mkuu Hara Takashi alipochomwa kisu akafa, mwaka 1921. Maelfu huikanyaga kila siku bila kujua.

Usiku wa tarehe 25 Mei 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo. Paa la stesheni liliungua na ndani kukateketea. Kuta za ghorofa ya tatu zikaondolewa, na mwaka 1947 jengo likawa limefunikwa upya likiwa na ghorofa mbili tu. Palipokuwa na makuba ya duara pakawekwa mapaa ya pembe nane yenye pande zilizonyooka. Ilikuwa kazi ya dharura katika nchi iliyoshindwa vita, isiyo na chuma wala mbao za kutosha, na waliyoifanya walitazamia idumu miaka michache. Ikadumu 60.

Kurudi wapi?

Hapa ndipo fundo la kwanza lilipo, na mara nyingi hurukwa. Tukisema tunalirudisha jengo katika hali yake ya asili, asili ni ipi? Sura ya Tatsuno iliishi miaka 30 na kidogo. Sura ya baada ya vita iliishi mara mbili ya hiyo. Mtu aliyezaliwa Tokyo mwaka 1950 hakuwahi kuona makuba ya duara ila pichani. Stesheni aliyoagiwa na mama yake akienda kuanza kazi ilikuwa ile ya mapaa ya pembe nane.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani huutumia kama dira, unasema mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe, na kwamba umoja wa mtindo si lengo la ukarabati. Ukiusoma kwa ukali, kuvunja paa la 1947 ili kujenga upya kuba la 1914 ni kufuta ushahidi wa vita na wa watu walioinua stesheni kutoka kwenye majivu. Waliotetea kurudi 1914 nao walikuwa na hoja nzito. Paa la baada ya vita lilikuwa la muda kwa nia ya waliolijenga wenyewe. Picha na michoro ya jengo la awali ilikuwepo. Na ghorofa mbili za chini zilikuwa bado zinasimama, kwa hiyo hawakuwa wakibuni jengo bali wakilimalizia.

Tukumbuke pia kwamba kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikaribia kushinda. Katika miaka ya 1980, shirika la reli la taifa likielekea kubinafsishwa mwaka 1987, kulikuwa na mipango ya kubomoa kila kitu na kusimamisha mnara wa ofisi. Ardhi ya Marunouchi, mtaa ambamo jengo hili limesimama, ni kati ya zile za bei kubwa kuliko zote duniani, na jengo fupi juu yake lilionekana ni hasara tupu. Wananchi waliunda chama cha kulitetea jengo na kukusanya saini zipatazo 100,000. Mwaka 1999 serikali ya jiji na JR East wakakubaliana kulirudisha katika sura ya 1914, na mwaka 2003 jengo likaandikishwa kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni ya taifa.

Mimi naona uamuzi wa kurudi 1914 unateteka, ila una gharama, na ninawaheshimu kwa kuwa hawakuificha gharama hiyo. Ndani ya mapaa yale ya pembe nane, mafundi wa 1947 walikuwa wametengeneza dari kwa bati la duralumini, madini mepesi yaliyokusudiwa kuundia ndege, wakalipanga kwa visanduku kama dari ya Pantheon, hekalu la kale la Roma. Hebu fikiria: nchi imeungua, bati la ndege za kivita limebaki ghalani, na mtu anaamua kulifanya dari nzuri ya stesheni. Dari ile iliondolewa. Lakini mchoro wake ulihamishiwa chini, ukawekwa kwenye sakafu ya mawe ya ukumbi uliokarabatiwa. Leo ukisimama chini ya kuba, juu unaona 1914 na chini ya viatu vyako unaona 1947. Halitoshi kama fidia ya paa zima, ila ni tendo la mtu aliyejua anafuta nini.

Chini ya jengo

Ghorofa ya tatu na makuba vingeongeza uzito juu ya kuta za miaka 90, katika nchi inayotikiswa na matetemeko. Njia ya kawaida ya kuimarisha jengo la matofali ni kuongeza kuta nene za zege ndani yake na kuziba baadhi ya madirisha. Kwa Stesheni ya Tokyo, hiyo ingemaanisha kuokoa ganda na kuua kilichomo: vyumba vya hoteli vingebanwa, kumbi zingegawanywa, na abiria wangepunguziwa njia.

Wahandisi wakachagua kuliacha jengo kama lilivyo na kulitenga na ardhi. Kati ya msingi mpya na jengo waliweka vitegemezi 352 vya mpira uliopangwa tabaka kwa tabaka na bamba za chuma. Kitegemezi cha aina hii hakibonyei kirahisi uzito ukikaa juu yake, lakini kinakubali kwenda upande na kurudi. Ardhi ikitikisika kwa kasi, jengo lililo juu husogea taratibu kama kipande kimoja badala ya kuta zake kuvutana na kupasuka. Tatizo ni kwamba kitu kinachokubali kusogea kinahitaji nafasi ya kusogea, na upande wa nyuma wa jengo hili, karibu kabisa, kuna madaraja ya reli yenye treni. Ndipo vikaongezwa vizuizi 158 vya mafuta, ambavyo kazi yake ni ileile ya shokapu za gari: kuumeza mtikisiko na kuzuia jengo lisiende mbali.

Kwa maneno ni rahisi. Sasa fikiria jinsi ya kuviingiza vitu hivyo 352 chini ya jengo la tani zipatazo 70,000 ambalo tayari limekaa.

Jengo la Tatsuno lilikalia nguzo za msonobari zaidi ya 10,000 zilizopigiliwa ardhini, kwa kuwa eneo lile zamani lilikuwa la maji na matope. Msonobari ukizama majini daima hauozi. Hatari huanza maji ya ardhini yakishuka na hewa ikaufikia. Na maji ya chini ya Tokyo yamepanda na kushuka sana katika karne iliyopita. Viwanda viliyavuta kupita kiasi mpaka ardhi ikazama. Uvutaji ulipodhibitiwa, yakapanda tena, kiasi kwamba majukwaa ya chini ya ardhi ya stesheni hiyohiyo yalilazimika kufungwa kwa nyaya za chuma zilizochimbiwa chini yasije yakainuliwa na maji. Kuendelea kutegemea mbao katika ardhi ya namna hiyo kusingekuwa busara.

Utaratibu waliofuata ulikuwa wa hatua ndogondogo. Jengo liligawanywa sehemu. Katika sehemu moja, nguzo za muda zilizamishwa kando ya kuta, boriti zikapitishwa chini ya kuta na kukazwa kwenye nguzo hizo, na uzito wa sehemu ile ukahamishwa taratibu kutoka kwenye msingi wa zamani kwenda kwenye nguzo za muda. Hapo tu ndipo msingi wa zamani na misonobari yake vilipoweza kuondolewa. Kisha ikaanza kazi ya kuchimba na kujenga ghorofa mbili za chini ya ardhi kwa mpangilio wa kinyume: slabu ya juu kwanza, halafu unachimba chini yake na kumwaga ya pili. Slabu ya juu ikiwa tayari, inazishikilia pande za shimo zisiporomoke, na juu yake maisha yanaendelea. Vitegemezi vya mpira viliwekwa mahali pake kati ya jengo na ujenzi mpya wa chini, uzito ukashushwa juu yake, na nguzo za muda zikakatwa.

Adui mkubwa katika kazi kama hii ni sehemu moja kushuka zaidi ya jirani yake. Ukuta wa matofali hauna uvumilivu. Upande mmoja ukizama milimita chache na mwingine ukabaki, unapata ufa wa ngazingazi unaofuata maungio ya matofali mpaka juu. Kwa hiyo vipimo viliwekwa jengo zima na kusomwa wakati wote wa kuhamisha uzito, na jeki zikarekebishwa kabla ukuta haujasema chochote. Mafundi wa chini walifanya kazi katika nafasi finyu, kwa mashine fupi, huku juu ya vichwa vyao watu wakikokota masanduku kuelekea kwenye treni.

Ratiba ndiyo iliyoamua mambo kuliko mchoro. Treni ya mwisho huondoka baada ya saa sita usiku na ya kwanza huanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Katikati hapo kuna saa nne hivi, na ndani ya saa hizo unatakiwa kuingiza vifaa, kufanya kazi isiyoweza kufanyika watu wakiwepo, kutoa vifaa, kufagia, na kurudisha vizuizi na alama. Ukihesabu kwa uaminifu, saa za kazi halisi ni chache mno. Kazi ya kelele na vumbi iliyo mbali na abiria inaweza kuendelea mchana nyuma ya ukuta wa muda. Iliyo juu ya njia yao inasubiri usiku. Kila njia ya kupita ikifungwa, nyingine lazima iwe imefunguliwa kabla, iwe na upana wa kutosha kwa msongamano wa asubuhi, na iwe na kibao ambacho mgeni ataweza kukielewa bila kusimama.

Katika jambo hili Tokyo walikuwa na bahati waliyoitumia vizuri. Ndani ya jengo mna hoteli, iliyofunguliwa 1915, na jumba la sanaa. Hoteli ilifungwa mwaka 2006 na haikufunguliwa tena mpaka Oktoba 2012. Mgeni wa hoteli anaweza kulala kwingine. Abiria hana pengine pa kupandia treni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu wa jengo ilikuwa huru kwa mafundi, na mvutano ukabaki kwenye kumbi za abiria. Anayetaka kuiga mfano huu aanze kwa kuuliza katika stesheni yake ni vyumba vipi vinaweza kulala usingizi miaka mitano, na vipi haviwezi kulala hata usiku mmoja.

Mawe yaliyosafiri

Nilisema urembo ulikuwa mwepesi, na nisieleweke vibaya: mwepesi ukilinganisha na msingi. Ulikuwa na mitihani yake.

Matofali ya nje ya Tatsuno yaliunganishwa kwa maungio yaliyotokeza na kuviringwa, si yale ya kawaida yaliyosawazishwa na uso wa ukuta. Mkono wa kufanya kazi hiyo ulikuwa umekaribia kupotea. Mafundi walilazimika kujifunza upya na kutengeneza miko inayofaa. Nenda karibu na ukuta wa ghorofa ya tatu, ambao ni mpya wote, utaona kila mstari wa saruji umetuna kidogo kama uzi mnene, na kivuli chembamba kinakaa chini yake. Ukitazama kutoka mbali hauoni mistari hiyo mmoja mmoja, lakini ndiyo inayoufanya ukuta mpya ushikane na wa zamani machoni.

Ndani ya makuba kulikuwa na nakshi za lipu: tai walioenea mabawa, na wanyama wa kalenda ya Kijapani. Picha zilizobaki zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi zilitafutwa katika maandishi ya wakati wa ufunguzi, yaliyotaja kuta za rangi ya yai. Kalenda ina wanyama 12, lakini kuba la duara kwa ndani limekalia ukumbi wa pembe nane, na Tatsuno aliweka wanane tu. Panya, sungura, farasi na jogoo hawamo. Baada ya ukarabati, watu wakiwa wamevutiwa upya na jengo, wanne hao walionekana kwenye dari ya lango la mabafu ya maji moto ya Takeo, mkoani Saga, ambalo nalo lilibuniwa na Tatsuno, mzaliwa wa mkoa huo. Hakuacha maelezo ya sababu.

Habari ya vigae vya paa ndiyo inayonigusa zaidi. Mapaa yalikuwa ya sleti, jiwe jeusi linalopasuliwa katika vipande vyembamba, kutoka Ogatsu katika pwani ya Ishinomaki, kaskazini-mashariki mwa Japani. Vigae vilivyoteremshwa vilipelekwa huko kwao vikasafishwe na kuchongwa upya ili virudi juu. Tarehe 11 Machi 2011 likaja tetemeko na tsunami. Ogatsu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoharibiwa vibaya. Nyumba, karakana na watu vilisombwa, na vigae vya Stesheni ya Tokyo vikatawanywa kwenye tope pamoja na mabaki mengine yote. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angelaumu, kuagiza vigae vipya kutoka nje. Lakini watu wa Ogatsu na waliokuja kuwasaidia waliviokota, makumi ya maelfu, wakaviosha chumvi kwa maji baridi kimoja kimoja, na vilivyofaa vikapanda paani Tokyo. Pengo lililobaki likajazwa kwa sleti kutoka Hispania.

Kuuza anga

Gharama ya kazi yote ilikuwa karibu yeni bilioni 50. Hapa ndipo lile jengo fupi lililoonekana hasara lilipojilipia, na njia yenyewe inahitaji kuelezwa taratibu.

Katika miji mikubwa sheria huweka kikomo cha ukubwa wa jumla wa sakafu zinazoruhusiwa juu ya kiwanja. Chukua mfano wa kiwanja cha meta za mraba 1,000 kinachoruhusiwa mara tisa: mwenye kiwanja anaweza kujenga sakafu zenye jumla ya meta za mraba 9,000, zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Akiwa na jengo la kale la ghorofa tatu, anatumia sehemu ndogo tu ya ruhusa hiyo. Iliyobaki ipo kwenye karatasi, lakini hawezi kuitumia bila kubomoa. Kwa mwenye mali anayetazama faida, kila siku jengo la kale linaposimama ni fedha isiyoingia. Shinikizo la kubomoa linatoka hapo.

Mwaka 2000 Japani ilibadili sheria ili, katika maeneo maalumu, ruhusa isiyotumika iweze kuhamishwa kutoka kiwanja kimoja hadi kingine hata kama havipakani. Eneo la Marunouchi na majirani zake likatengwa kwa utaratibu huo mwaka 2002. JR East ikaichukua ruhusa iliyokuwa juu ya paa la stesheni na kuiuza kwa wenye majengo ya jirani, nao wakapandisha ghorofa zaidi ya kikomo chao cha awali. Jengo la Shin-Marunouchi mbele ya stesheni, JP Tower palipokuwa na posta kuu, na minara ya GranTokyo upande wa pili wa reli ni kati ya yaliyofaidika. Fedha zilizopatikana ndizo zilizolipia matofali, makuba na vitegemezi vya mpira.

Ninaupenda werevu huo, kwa sababu haukumwomba mwenye mali awe na huruma wala hazina ya serikali itoe mabilioni. Ila tusiseme haukuwa na mlipaji. Ukisimama leo katika uwanja uliokamilishwa mwaka 2017 mbele ya stesheni, utaliona jengo la Tatsuno limezungukwa na minara pande zote. Urefu wa minara hiyo kwa sehemu ni urefu ambao stesheni iliuacha. Anga ya mtaa mzima ndiyo iliyobeba bili.

New York ilipita njia hiyo kwa machungu zaidi. Stesheni ya Pennsylvania ilianza kubomolewa Oktoba 1963, na hasira iliyofuata ndiyo iliyozaa sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria. Kampuni ya reli ilipotaka kuweka mnara juu ya Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya jiji hilo, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 jiji likashinda. Mojawapo ya mambo ambayo majaji waliyazingatia ni kwamba kampuni ilikuwa na uwezo wa kuhamishia haki zake za kujenga kwenye viwanja vingine vya karibu. Ukarabati mkubwa wa Grand Central ulikamilika mwaka 1998, nao pia treni zikiendelea. Baada ya kusafisha dari ya ukumbi mkuu waliacha kipande kidogo cheusi bila kukigusa, ili watu waone dari ilivyokuwa.

Na huku kwetu

Kote Afrika Mashariki stesheni za zamani zimeingia katika kipindi cha hatari. Reli ya kisasa imekuja na stesheni zake mpya: Kenya tangu 2017, Tanzania tangu 2024. Stesheni mpya zikishachukua abiria wengi, jengo la zamani hupoteza mtetezi wake mkubwa, yaani mtu anayelihitaji kila asubuhi. Hulindwa kwa maneno, hufungwa kwa kufuli, na paa likianza kuvuja hakuna anayelowa ili alalamike.

Mfano wa Tokyo unafaa kwetu kwa sehemu. Katikati ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako kiwanja kina bei, utaratibu wa kuhamisha haki za ujenzi unaweza kufikiriwa, mradi sheria ya mipango miji iupe nafasi na daftari la ardhi liaminike. Anayenunua meta za mraba za hewani lazima awe na uhakika kwamba hazitauzwa mara ya pili kwa mtu mwingine. Tabora na Kigoma ni habari nyingine. Hakuna atakayelipa mabilioni kwa ajili ya anga ya Kigoma. Kule kinachoweza kuliokoa jengo ni treni yenyewe kuendelea kusimama, pamoja na vyumba vilivyo wazi kupewa kazi inayolingana na stesheni: mgahawa, ofisi ya mizigo midogo, maktaba, chumba cha kusubiria chenye feni na choo safi.

Upande wa ufundi, kwa bahati njema, majengo haya hayahitaji vitegemezi 352. Mengi yanahitaji mfereji wa maji ya mvua uzibuliwe, paa lirekebishwe, na fundi anayejua chokaa ashike kazi badala ya yule atakayepiga lipu ya saruji ngumu juu ya ukuta wa zamani. Saruji ngumu huufungia ukuta unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubanduka ikiwa imeshika uso wa jiwe. Kazi hiyo inaweza kufanywa chumba kimoja baada ya kingine, siku ambazo hakuna treni, bila abiria hata mmoja kuzuiwa. Inahitaji bajeti ndogo inayorudi kila mwaka na mtu mmoja mwenye jina na wajibu, ambaye akiona doa jipya la maji darini ana mamlaka ya kumwita fundi wiki hiyohiyo.